Makangaga ya Korongo la Ma Adelina

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Hakuna aliyeniambia niache kazi. Siku moja niliteremka bondeni huko Kyerwa kutafuta kangaga, kupanda nikashindwa, wenzangu wakanivuta kwa kamba ya mizigo kama ndama aliyetumbukia. Walicheka kwa adabu. Mimi nikacheka kuwazidi, ila moyoni nilijua yamekwisha. Sasa nipo nyumbani Nyabiyonza, napalilia migomba na kahawa, na nyie vijana mnaoendelea na kazi mmeniomba niandike tulivyokuwa tunafanya. Nimesoma mpaka darasa la saba. Mambo ya maabara nimeyapata kwa kusikia tu, kwa hiyo nikikosea hapo mwulizeni Daktari Anitha, yeye ndiye mwenye elimu yake.

Nilianzia Igurwa. Watafiti wa mimea walikuwa wanatafuta mtu anayejua njia za kushukia mabondeni, nami nilikuwa nazijua kwa sababu ya kutafuta ng'ombe wa watu. Aliyenipokea ni Mzee Salum. Huyu alizaliwa mjini Kayanga, baba yake muuza duka mwenye asili ya pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Wanyambo tuone aibu kufungua mdomo. Kazi yake ilikuwa kukusanya na kukausha mimea, na hiyo ndiyo aliyonifundisha. Siku ya kwanza aliniambia nilete makangaga, hakusema mangapi. Nilirudi na mzigo wa kichwa, umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Akauzunguka ule mzigo, akaniuliza kwa upole kama tunatandaza majani shambani au tunalisha ng'ombe. Kumbe alitaka majani mawili tu yenye afya, pamoja na kipande cha mzizi wake.

Kwa wasiojua, kangaga halina ua wala tunda. Geuza jani uone mgongoni: kuna vidoadoa vya rangi ya kahawia vimepangwa kama vifungo. Ndani yake kuna vumbi, na hilo vumbi ndilo mbegu. Upepo unalichukua. Ndiyo maana Mzee Salum alinifundisha kulaza majani mawili gazetini, moja limelala kifudifudi na jingine chali, ili atakayelisoma baadaye aone pande zote. Juu unaweka gazeti jingine, halafu mbao, halafu unakaza mikanda kwa goti. Unabadilisha magazeti kila yanapolowa. Sheria yake kubwa ilikuwa usisome gazeti wakati wa kazi. Aliiweka kwa sababu yangu. Nilikuwa nikikuta habari ya mpira, hata ya zamani, jani linanyauka mkononi.

Majani ya kupima vinasaba yana utaratibu mwingine. Hayo hayaanikwi juani kama kahawa wala kuwekwa karibu na moto. Unachukua kipande kidogo cha jani changa lisilo na ukungu, unakifuta maji, unakitia kwenye kifuko cha karatasi kama cha majani ya chai, kisha unakifukia kwenye chembechembe zinazonyonya unyevu, zile unazozikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Kikikauka haraka, vinasaba vinabaki. Kikikauka polepole, vinaoza, na kule maabara hawatapata kitu. Futeni maji, vijana. Tumewahi kupoteza mkusanyo mzima wa bonde moja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kila mtu alidhani mwenzake amefuta.

Anitha alikuja akiwa bado mwanafunzi, anatafuta shahada yake kubwa. Ni Mhaya wa Muleba, wa familia ya Kilutheri, mrefu, anatembea bondeni kama anafukuzwa. Nilimwuliza anachotaka kwa makangaga yetu ni nini hasa. Akasema makangaga ya Karagwe na Kyerwa yanafanana na ya misitu ya mbali, mengine na ya magharibi huko Kongo, mengine na ya milima ya mashariki. Alitaka kujua yamefikaje. Je, ni vumbi lililoletwa na upepo juzijuzi? Au zamani msitu wa magharibi ulifika mpaka huku, ukakauka, yakabaki machache yamejificha kwenye makorongo yenye maji? Kwa macho huwezi kujua. Vinasaba vinaonyesha nani ni ndugu wa nani na waliachana zamani kiasi gani.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Huku kwetu mgeni akifika tunamwuliza ukoo wake, mwiko wa ukoo huo, na babu yake alivuka mto gani. Anitha anayauliza majani maswali hayo hayo. Tofauti ni kwamba jani halisemi uongo ili lipewe mke.

Lakini vijijini neno DNA lilitupa shida. Watu walilijua kutoka redioni, kwenye kesi za watoto. Tukisema tumekuja kupima DNA, wanaume wengine walikumbuka ghafla kwamba wana kazi shambani. Tukisema ni ya makangaga, mtu mmoja wa Kamuli alimwuliza Anitha kwa uso mkavu, "Kwani daktari, nani kamkana mtoto?" Mzee Salum alicheka mpaka akakaa chini.

Na hapo Kamuli ndipo tulipokutana na jambo gumu kuliko yote niliyoyaona kazini. Naliandika kwa sababu mtakutana na mfano wake, na kwa sababu mpaka leo sina hakika kama tulilimaliza vizuri.

Tulisikia kuna korongo lenye chemchemi, chini ya kibanja kimoja, yaani shamba la nyumbani la migomba, ambalo miti yake haijawahi kukatwa. Tukafanya kama tunavyofanya kila mahali. Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji, tukaonyesha vibali, yeye akatupeleka kwa Ta Felician, yaani Mzee Felician, mwanaume mkubwa wa ukoo ule. Ta Felician alitupokea vizuri sana. Alitukalisha, akatupitishia kahawa ya kutafuna, akamtuma mtu alete rubisi, pombe yetu ya ndizi, na Mzee Salum akaletewa soda bila kuomba. Tukamwomba ruhusa mbele ya majirani waliokuja kutuangalia. Akaikubali, akatuongoza mwenyewe. Njia ilipita katikati ya kibanja hicho cha juu ya korongo, mbele ya nyumba ya bati ambako mama mmoja alikuwa anamenya ndizi. Tukamsalimia, akaitikia. Hakuuliza tunakwenda wapi, nasi hatukusema.

Chini ya korongo kuna mwamba unaotiririka maji, na kwenye mwamba kulikuwa na kangaga dogo, la kijani kilichokolea, ambalo ncha ya jani lake ikigusa mwamba inaota mtoto. Anitha alipiga magoti majini na viatu vyake. Kisha akasema taratibu kwamba hili hajaliona katika vitabu vyake, na anaomba tusiguse mpaka apige picha. Nilimwangalia nikaona mtu ambaye shahada yake imesimama pale mbele yake. Tulichukua kidogo sana, tukafuta maji.

Tuliporudi baada ya masika kuchukua majani yenye vumbi mgongoni, yule mama alikuwa amesimama barabarani anatungoja. Aliitwa Ma Adelina. Aliolewa pale kutoka Igurwa, na mume wake, Philbert, mdogo wa Ta Felician, alikuwa amefariki. Kibanja chenye nyumba hakuna aliyekigusa. Korongo ndilo lililokuwa na maneno. Ta Felician alisema baba yao hakumpa Philbert korongo, aliliacha la wote, na kwa kuwa halilimwi atalipanda mikaratusi. Ma Adelina alisema mume wake alipewa mpaka majini. Kabla hatujafika, majirani walikuwa hawajaegemea upande wowote. Sasa walikuwa wameegemea, na sababu ilikuwa sisi.

Anitha alimpa shikamoo, akajitambulisha kuwa ni wa Muleba, naye mama akaitikia, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Nyie ndio wa majani. Mlipita mlangoni kwangu mkiwa mmeshaomba kwa shemeji. Sasa kila mtu anasema korongo ni lake, hata wasomi walimwomba yeye."

"Mama, sisi hatuna uwezo wa kumpa mtu ardhi," Anitha akasema.

"Najua hamna. Kwenu Muleba, mtu akiombwa kitu mbele ya watu, watu wanasemaje?"

Anitha aliinamisha kichwa. "Wanasema ni chake, mama."

"Haya. Huku pia."

Mikaratusi inanyonya maji, kila mtu huku anajua. Ikipandwa pale, chemchemi ingekauka, na kangaga pamoja nayo. Lakini Ma Adelina hakuzungumzia kangaga. Alikuwa na jambo lake. Korongo likienda, ndiyo dalili kwamba mengine yatafuata polepole, na mjane asiye na ndugu karibu anaondolewa hivyo, kipande kwa kipande, bila mtu kumfukuza. Alituomba tuje kwenye kikao cha ukoo Jumapili, tuseme. Halafu akauliza jambo la pili, na hapa ndipo niliona hofu yake imegawanyika.

"Na hicho kipimo chenu kikisema jani ni la maana sana, serikali haitakuja kulichukua korongo? Nitoke mikononi mwa shemeji niingie kwa wengine?"

Anitha alisema hajui. Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa halikumsaidia mama.

Jioni hiyo tulibishana. Mzee Salum alisema mtafiti haingii mambo ya ukoo. Ukiingia ukoo mmoja, koo nyingine zote zitakufungia milango, na kazi itakufa. Anitha alisema tumeshaingia, kwa miguu yetu, na kutosema sasa ni kusema. Nilisikiliza, nikaona wote wana haki, jambo ambalo ni baya sana ukiwa wewe ndiye wa kupiga kura ya tatu. Nilikwenda pia kumsikiliza Ta Felician, peke yangu, kwa Kinyambo. Sikukuta mnyang'anyi. Nilikuta mtu aliyemuuguza mdogo wake mpaka mwisho, aliyempeleka hospitali mgongoni barabara ilipokatika, na ambaye anawasomesha watoto wa Philbert pamoja na wake. Aliniambia baba yao alisema korongo ni la wote, na alisema hivyo akiniangalia machoni. Naamini alisikia hivyo. Naamini pia Philbert alisikia vingine. Wazee wakati mwingine husema jambo mara mbili kwa watoto wawili.

Tulikubaliana tutasema tulichofanya, basi. Hatutasema korongo ni la nani, kwa sababu hatujui.

Kikao kilikuwa uani kwa Ta Felician. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa, na mwenyekiti alikuwa mjomba wa ukoo aliyewahi kuwa karani wa chama cha kahawa, mtu asiyependa maneno marefu. Ta Felician alieleza upande wake vizuri, akamaliza kwa kusema, "Na hawa wageni waulizeni wenyewe, hawa hapa, walikuja kwa nani?"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Nadhani alimwona Anitha bado binti, na Mzee Salum Mswahili. Nilisimama.

Nikasema, "Tulikuja kwa Ta Felician. Mtendaji alituelekeza, na sisi wenyewe ndiyo kawaida yetu, tunaanza na mwanaume mkubwa wa ukoo. Hatukuuliza korongo ni la nani. Tungeuliza kwenye nyumba iliyo karibu nalo, labda tungeambiwa vingine. Kwa hiyo, wazee, kuomba kwetu kusihesabiwe kwake wala kwa mama. Tuliomba kama watu wasiojua."

"Kwa hiyo rubisi yangu mliinywa bure," Ta Felician akasema.

"Tuliinywa kwa shukrani, mzee. Ila ilikuwa ya ukarimu, haikuwa ya korongo."

Watu wakacheka, naye akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeumia. Mwenyekiti akamgeukia Ma Adelina, akamwuliza korongo analitumia kwa kazi gani, maana hapo hakuna mgomba wala mharage. Ma Adelina alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye jagi lililokuwa mezani.

"Hayo maji mnayokunywa yametoka wapi?"

Mabinti wa Ta Felician ndio walioyachota asubuhi, wakipita mlangoni kwa Ma Adelina kama kila siku. Ta Felician mwenyewe, na hili nataka liandikwe kwa heshima yake, akasema, "Yametoka huko."

Kikao hakikuamua. Mwenyekiti alisema mtu yeyote asikate wala kupanda kitu mpaka mavuno ya kahawa yapite, wakutane tena. Mavuno yalipita, hawakukutana. Miche ya mikaratusi iliendelea kukua kwenye viriba nyuma ya nyumba ya Ta Felician, na Ma Adelina akaendelea kuiona kila akienda kanisani.

Sampuli zetu zilikwenda maabara. Kuna wakati nilipelekwa kuiona hiyo maabara. Nilitarajia kitu cha ajabu. Nikaonyeshwa kichupa kidogo kuliko kidole changu, ndani kuna maji safi, nikaambiwa kangaga lote limo humo. Nililiangalia kwa adabu. Kilichonishangaza ni uvumilivu wao: wanasaga jani, wanalisafisha, wanalisoma, wanalinganisha na la nchi nyingine, kisha wanatilia shaka, wanaanza upya. Nilijisikia nyumbani kidogo, maana kutilia shaka ndiyo kazi niliyoijua siku zote.

Watafiti wengi hawarudi kutoa majibu. Nasema hivyo bila kulaumu, safari ni ndefu na kazi ni nyingi. Anitha alirudi, akiwa Daktari sasa. Mzee Salum alikuwa ameshapumzika kazi, kwa hiyo tulikuwa wawili. Safari hii tulipitia kwa mtendaji, tukamwambia tunaanza mlango ulio karibu na korongo. Tulifika mchana, watu wakituona, tukabisha hodi kwa Ma Adelina. Akatandika mkeka, akapitisha kahawa ya kutafuna kwa mkono wake, kama mwenye mji. Majirani wakaanza kuja. Ta Felician naye akaja, akasimama mpaka Ma Adelina alipomwonyesha kiti.

Daktari alieleza polepole. Kangaga lile ni mtoto wa makabila mawili ya makangaga. Baba yake, kwa kadiri walivyoona, ni kangaga la kawaida lililojaa kwenye mawe ya Karagwe yote. Hapo hana uhakika kamili, bado wanapima. Kuhusu mama ana uhakika, kwa sababu kuna sehemu ya vinasaba inayotoka kwa mama peke yake. Mama yake ni wa misitu ya magharibi, na huku hayupo tena. Msitu wake ulikauka zamani sana, kabla ya watu kulima hapa. Akabaki huyu mtoto, kwenye korongo hili, na mpaka sasa hawajamwona mahali pengine.

Yule aliyeuliza nani kamkana mtoto alikuwepo, akasema taratibu kwamba basi mama alikuja kuolewa ugenini. Daktari akamwambia hapana, msitu wa huyo mama ulikuwa hapa hapa, na majani hayana mahari. Wanawake wakamtazama Ma Adelina, lakini yeye alikuwa na swali lake lile lile.

"Watalichukua?"

"Mama, siwezi kukuapia," Daktari akasema. "Nilichofanya ni hiki. Nilipoandika nimetaja wilaya tu. Mtafiti akitaka kujua korongo lenyewe, lazima aniulize, nami nitamwambia aje akuombe wewe. Kama hutaki hata hilo, sema, nitakaa kimya."

Ma Adelina alifikiri. Alikuwa anasugua kiganja chake kwenye mkeka.

"Waje," akasema. "Ila waje mlango huu."

Nilimtazama Ta Felician. Sikujua atafanya nini, na sitadai nilijua. Alikuwa ametazama chini, anatafuna kahawa yake. Alitafuna mpaka ikaisha. Kisha akasimama, akavua kofia, na akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, mimi tangu utoto nimechota maji humo, sijawahi kuliangalia hilo jani. Naomba unipe ruhusa nishuke nilione."

Kila mtu pale alijua alichoombwa Ma Adelina, na kila mtu alijua nani ameomba. Nadhani hata Ta Felician alijua. Ma Adelina alifunga vizuri khanga yake, akasimama, akaenda mpaka pale njia inapoanza kuteremka kati ya migomba.

"Shuka, shemeji," akasema. "Uangalie tu usikanyage yale madogo."

Ta Felician akainama, akavua viatu, akaviacha pale juu.